Papa Polycarpe, Mtu Aliyefungua Kila Kompyuta Tuliyoifunga

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Papa Polycarpe Murhula, mkuu wa lojistiki wa shirika letu la Maji Milimani hapa Bukavu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wanaofuatilia mambo watakumbuka kwamba miaka hiyo ilipaswa kuwa ishirini na nne. Mwaka juzi kila kitu kilikuwa tayari: keki imeagizwa, viti vimeazimwa parokiani, na mwenzetu Hugues ameshaandika nusu ya wasifu. Papa Polycarpe akakataa kwenda. Alikataa kwa sababu ya kompyuta moja iliyoishiwa betri Bunyakiri, na kwa kuwa kompyuta hiyo ni ya kwangu, safari hii kalamu nimepewa mimi, Laurette Bulonza, mchora ramani wa shirika.

Nimeombwa niandike kwa upole. Nitajaribu, ila wasomaji wa jarida letu wanajua nimekaa na huyu mzee ofisi moja muda gani.

Tuanze na yanayostahili sifa, maana ni mengi. Papa Polycarpe ni mzaliwa wa Kabare. Aliingia kazini kama mpakiaji wa saruji, wakati shirika lilikuwa na lori moja tu, tena la kuazima. Kutoka hapo akawa dereva, kisha mtunza ghala, kisha mkuu wa lojistiki. Chemchemi zote tulizojengea, kuanzia vilima vya Kavumu hadi uwanda wa Ruzizi, mabomba yake yamepita mikononi mwake. Hajawahi kupoteza hata kiungo kimoja cha bomba, na aliyewahi kujaribu kuondoka na spana ya ghala bila kusema anajua alifuatwa mpaka wapi.

Wazee wa ofisi bado wanasimulia habari za Sange. Kule jua ni kali, na mabomba ya plastiki yakilazwa nje yanapinda kama muhogo uliochemshwa. Papa Polycarpe alizunguka mji mzima akitafuta kivuli kirefu cha kutosha, akakiona kanisani. Akaenda kwa padri, wakazungumza, mabomba yakaingia ndani na kulazwa chini ya mabenchi. Jumapili iliyofuata waumini walisali miguu ikiwa juu ya mabomba, na padri mwenyewe akakwaa moja wakati wa matoleo. Hakuna bomba lililopinda. Papa Polycarpe alipokea komunyo siku hiyo akiwa na uso wa mtu asiyedaiwa chochote.

Huyo ndiye mtu wetu. Sasa tuje kwenye ralonji.

Wageni wanaosoma jarida hili huko mbali pengine hawajui jinsi tunavyofanya kazi. Umeme wa mji unakuja unapotaka. Jenereta yetu inawaka asubuhi kwa muda mfupi, halafu inazimwa. Ofisi ina ralonji moja nzuri, waya wa kurefushia umeme, yenye matundu manne, na wafanyakazi ni wengi kuliko matundu. Zamani kila asubuhi ilikuwa vita. Watu walifika kabla ya mlinzi kuamka ili wachomeke wa kwanza, na kuna siku wahasibu wawili, wote watu wazima wenye watoto sekondari, walivutana waya mpaka ukakatika.

Papa Polycarpe aliichukua ralonji ile, akaifungia kabatini, akatoa sheria. "Machine yenye iko karibu ya kufa, ile ndio inakunywa ya kwanza," alisema. "Yenye iko na nguvu ingojee." Ilikuwa sheria ya haki, kama kwenye dispensari ambako mwenye homa kali anaingia kabla ya mwenye mafua. Tulimpigia makofi. Nami nilipiga, na mpaka leo nikikumbuka makofi yale najikunja.

Kila asubuhi akawa anapita meza kwa meza, kalamu sikioni, anafungua kila kompyuta, anasoma asilimia ya betri kwa sauti. "Hugues, tatu. Ingia. Josué, saba. Ingia. Maman Laurette, makumi tisa. Wewe uko muzima, ngoja."

Sheria ya pili ilitoka mapema zaidi, enzi za zile kompyuta kubwa za mezani. Zile zilichukua muda mrefu kuwaka hata nusu ya mafuta ya jenereta ikaishia hapo, watu wameketi wanatazama kioo. Papa Polycarpe akapiga marufuku kuzima. Kompyuta ilazwe tu, alisema, isizimwe. "Mutu akilala unamufunika blanketi. Haumupeleke kwa makaburi." Kwa mashine zile hakukosea.

Halafu tukaletewa hizi za kubeba, nyembamba, nzuri kwa macho. Hizi ukizifunga hazilali. Zinafumba macho tu. Ndani ya mkoba zinaendelea kutafuta mtandao, zinapokea mabadiliko ambayo hakuna aliyeyaomba, zinajipasha moto zenyewe mpaka ukitia mkono unadhani umebeba mkate uliotoka tanuruni sasa hivi. Jioni unaiweka na zaidi ya nusu ya betri, asubuhi unakuta taa nyekundu inakukonyeza. Hujafanya kazi yoyote, hujaangalia hata picha ya ndugu, na betri imeliwa. Nani kaila? Hakuna anayejua, na ukiuliza unaambiwa ndivyo zilivyo.

Dawa ipo. Kwenye kompyuta zetu, ambazo zinasema Kifaransa, chini ya neno *veille*, yaani usingizi, kuna jingine, *veille prolongée*, usingizi mrefu. Ukichagua hili la pili, mashine inaandika kila ulichokiacha wazi ndani ya diski, kisha inazimika kabisa. Haili kitu. Ukiiwasha, inachukua muda kidogo, halafu inakurudishia kazi yako pale pale ulipoiacha, na betri ni ile ile. Ni jambo la kubonyeza mara mbili. Nilianza kulifanya kila jioni, na kila asubuhi nilifika kazini na betri niliyoondoka nayo.

Na kwa sababu hiyo nikawa wa mwisho kila siku.

Naomba msomaji anielewe. Mtu aliyetunza betri yake alikuwa mzima, kwa hiyo alingoja. Mtu aliyeiacha ivuje kwenye mkoba alikuwa mahututi, kwa hiyo aliingia kwanza. Jenereta ilizimwa kabla zamu yangu haijafika. Siku iliyofuata nilifika na arobaini, nikangoja. Siku iliyofuata tena nilifika na kumi na tano, nikasema leo Mungu amenikumbuka. Hugues alikuwa na mbili.

Wenzangu si wajinga. Walielewa sheria haraka kuliko aliyeitunga. Wakaanza makusudi kuzifunga kompyuta zao bila kuzizima, ili zifike asubuhi zikiwa hoi. Josué, kiongozi wa waashi, alivumbua njia yake: alichomeka simu kwenye kompyuta iliyofungwa, simu ikanyonya betri yote, asubuhi akafika na simu iliyojaa na kompyuta iliyokufa, na sheria ikampa tundu la kwanza. Nilimwona kwa macho yangu akimshukuru Papa Polycarpe. Nilimlalamikia mkurugenzi, akaniambia sheria inawahusu wote sawa.

Nikaitisha mafunzo. Nilichora ubaoni, nikaeleza tofauti ya veille na veille prolongée kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na pale waliponitolea macho, kwa Mashi. Wote walikuja, wakala mandazi, wakatikisa vichwa, wakasema Maman Laurette ameeleza vizuri. Hakuna hata mmoja aliyefanya. Kwa nini mtu atunze betri ili arudishwe mkiani?

Papa Polycarpe alikaa mbele na akauliza swali moja. Kama mashine imezimika kabisa, yeye atajuaje asilimia? Nikamjibu kwamba hatajua mpaka aifungue. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kwake yeye kompyuta isiyosema asilimia yake ni mgonjwa anayekataa kupimwa. Kwa hiyo aliifungua. Aliifungua asubuhi, aliifungua kabla ya chakula, aliifungua wakati wa kupakia gari. Na kompyuta yangu ni ya zile ambazo ukifungua tu kifuniko zinaamka zenyewe. Yeye anasoma namba, anaridhika, anafunga, anaondoka. Mashine niliyoizima vizuri sasa imefungwa kwa veille ya kawaida, ile inayokula. Mimi nazima, yeye anaamsha. Nilimwambia kwa heshima. Nilimwambia kwa hasira. Nilimwandikia karatasi nikaibandika juu ya kifuniko, akainyanyua karatasi taratibu asiichane, akafungua. Alinijibu kwamba aliangalia kidogo tu.

Hayo yangebaki kuwa kero za ofisini kama si Bunyakiri.

Kule kuna nyumba ya uzazi inayoongozwa na mkunga Chantal. Nyumba ni safi, ina vitanda, ina friji ya chanjo inayotumia paneli ya jua. Maji haikuwa nayo. Mama akija kuzaa, jamaa zake walitakiwa kuja na bidoni la maji kichwani, kutoka bondeni, kwa njia ambayo mvua ikinyesha inateleza hata kwa mbuzi. Wale ambao uchungu uliwakuta ghafla walifika bila maji, na Chantal aliwapokea kwa kile kilichobaki kwenye ndoo. Hapendi kusimulia siku ambazo hakikubaki kitu.

Chemchemi tuliipata, juu kabisa, ya maji mazuri. Ilibidi bomba lipite kwenye shamba la mzee mmoja, Papa Akili, maana pande nyingine zote ni mawe. Mzee hakukataa. Hakutaka malipo wala maneno mengi. Alitaka kitu kimoja tu. "Mimi nataka nione shamba yangu na macho yangu, na pahali tuyau itapita," alisema. Tulimpelekea karatasi. Mashine yetu ya kuchapa haina rangi, na picha ya shamba iliyopigwa kutoka juu ilitoka kama moshi. Akairudisha. Tukakubaliana siku ya kumletea picha yenyewe, kwenye kompyuta, yenye rangi. Ilikuwa siku ya mwisho, maana kesho yake alikuwa anashuka Sange kukaa kwa binti yake, na hakujua angerudi lini.

Lazima niseme ukweli wote. Asubuhi ya safari Papa Polycarpe aliiweka sheria yake kando, akanipa ralonji nzima peke yangu. Betri ilijaa. Nikaweka veille prolongée mbele ya macho yake, nikamweleza tena, akaitikia. Akaibeba kompyuta yeye mwenyewe, akaiviringisha kwenye blanketi la sufu isipigwe na vumbi, akaketi nyuma nayo. Mimi nilikuwa mbele na dereva.

Aliifungua kabla hatujatoka getini. Tulipopitia Kavumu kumchukua Josué, nilisikia kifuniko kikilia. Nikageuka, nikasema, Papa Polycarpe, acha. Akanijibu, "Naangalia tu. Iko muzima sana." Kisha tukaingia msituni na matope yakatushika, tukasukuma gari, tukakwama tena, tukasukuma tena, na muda wote huo kompyuta ilikuwa macho ndani ya blanketi la sufu, juu ya sakafu ya gari yenye joto la injini. Kila tulipokwama aliifungua. Nilimpigia kelele aache, nikiwa kwenye matope hadi magotini, na hakuna aliyenisikia.

Tulipofika, Papa Akili alikuwa ameketi kwenye benchi la nyumba ya uzazi, amevaa koti lake la misa. Chantal alikuwa amesimama kando yake, na majirani wamejaa uani. Nikafungua kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kompyuta ya Hugues, tuliyoibeba kama akiba, nayo ilikuwa imekufa, kama kawaida yake. Kichaji cha gari kilikuwa kimeungua safari ya nyuma. Josué akatazama paneli ya paani, na Chantal akasema chanjo za watoto hazichomolewi, na alikuwa na haki. Tulimpa mzee picha kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaturudishia simu.

Alingoja kwa adabu mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akainuka, akampa kila mmoja wetu mkono. "Nilisema nitaona shamba yangu," aliniambia. "Sasa niko naona kioo nyeusi." Akaenda zake, na kesho yake akashuka Sange.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimlaumu mtu. Sikupata nafasi. Papa Polycarpe alisimama katikati ya ua, mbele ya majirani wote, akavua kofia. "Ni mimi," alisema. "Maman Laurette aliizima muzuri. Mimi nikaiamusha, nikaiamusha tena. Ni mimi peke yangu." Chantal ndiye aliyesema, na hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka. Alimwuliza, "Kwa hiyo, Papa Polycarpe, bamama baendelee kubeba mabidon?"

Alivaa kofia yake, akapanda gari, tukarudi Bukavu.

Papa Akili alikaa Sange muda mrefu kuliko alivyosema. Halafu ikaja miezi ambayo njia haikupitika, kwa sababu ambazo kila mtu wa hapa anazijua na sina haja ya kuziandika. Mabomba yakalala ghalani. Tarehe ya kustaafu ya Papa Polycarpe ikafika. Mkurugenzi akamwita, akamwambia amefanya kazi ya kutosha, mradi utafuatiliwa na wengine. Nilikuwepo ofisini siku hiyo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hawezi kwenda kukaa nyumbani na lile swali la Maman Chantal. Keki ililiwa siku ya Jumatatu na watu wasiojua wanasherehekea nini.

Sitaki mtu adhani kwamba tangu hapo alikuwa malaika. Miaka hiyo miwili alinichosha kuliko ishirini na nne ya kwanza ilivyowachosha wenzangu. Sheria ya ralonji aliifuta mwenyewe: watu wakachaji kwa zamu, kufuata mpangilio wa viti, na ndani ya wiki moja betri za ofisi nzima zikapona, hata ya Hugues. Alitangaza pia kwamba hakuna mtu atakayefungua kompyuta ya mwenzake. Kisha akaja mezani kwangu na kuniomba nimfundishe veille prolongée, polepole, kama mtu asiyejua kusoma.

Nilimfundisha. Hakuamini. Aliniuliza mashine inakula nini usiku kucha kama imezimika. Nikasema haili. Akasema kila kitu kinakula. Ijumaa moja tukaizima pamoja, tukaifungia kabatini, ufunguo akakaa nao yeye. Jumatatu alikuwa mlangoni kabla yangu. Tukaifungua, na betri ilikuwa karibu ile ile tuliyoiacha. Akaketi, akaitazama sana. Halafu akasema pengine ni bahati, turudie. Tukarudia. Tulirudia Jumatatu nyingi hata wenzangu wakaanza kuuliza kama tumeanzisha ibada. Kila nikimwambia sasa yatosha, alikuwa anasema bado, na mimi nasaga meno na kuzima upya.

Mwaka jana, majira ya kupanda, habari ikaja kwamba Papa Akili amerudi Bunyakiri. Tuliondoka kesho yake.

Safari hii Papa Polycarpe aliipakata kompyuta magotini, bila blanketi. Niliketi nyuma pamoja naye, nimlinde. Kavumu tulisimama kumchukua Josué, na wauza maparachichi wakajaa dirishani. Akanigeukia. "Na kama imekufa?" aliniuliza. Nilikuwa nimeshamjibu hilo mara elfu. Tuliingia msituni, tukakwama mahali pale pale. Aligoma kushuka kusukuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, kwa sababu hakutaka kuiacha wala kuiweka chini. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kifuniko. Nilikuwa nakitazama kidole gumba chake. Mara kadhaa kilisogea mpaka ukingoni, kikakaa hapo, kikarudi. Mtu huyu alikuwa amenipanda kichwani miaka na miaka, na siku ile nilijikuta nakisalia rozari kidole chake.

Hakuifungua.

Papa Akili alikuwa kwenye benchi lile lile. Papa Polycarpe akanikabidhi kompyuta, kisha akatoka akaenda kusimama nyuma ya ukuta, asione. Nikafungua. Kioo kilikuwa cheusi. Mimi nilijua ni kawaida, kwamba mashine inasoma kwanza kilichoandikwa kwenye diski, lakini uani hakuna mwingine aliyejua. Chantal aliweka mkono mdomoni. Mzee alianza kushika fimbo yake ainuke. Kisha mwanga ukaja, na shamba likatokea lote, kijani kibichi, na mstari wa bluu wa bomba ukiwa umekatiza ndani yake. Betri ilikuwa na tisini na nane.

Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Aliona miparachichi yake, akacheka kidogo. Aliona banda la mbuzi. Halafu kidole chake kikafuata mstari wa bluu, taratibu, kikasimama kwenye kona moja penye kichaka cha maua. Mstari ulipita juu yake.

"Hapa ndio nilizika bibi yangu," alisema.

Hatukuwa tunajua. Juu ya kaburi la mkewe hapakuwa na msalaba wala saruji, maua tu aliyoyapanda mwenyewe, na kwenye karatasi yetu ya moshi hayakuonekana. Hakuwa amesema, kwa sababu hayo si mambo ya kuwaambia watu wa bomba uani, mbele ya majirani. Alitaka tu aone kwa macho yake. Nikausogeza mstari mbele yake mpaka ukapita mbali, ukingoni, nyuma ya banda la mbuzi. Akautazama tena, kisha akanitazama mimi. "Sasa pitisheni," alisema. Nilikwenda nyuma ya ukuta kumwambia Papa Polycarpe. Alikuwa amesikia.

Waashi wa Josué walichimba, mabomba yakatoka ghalani yakiwa hayajapinda, na Machi mwaka huu bomba la nyumba ya uzazi ya Bunyakiri lilifunguliwa. Kulikuwa na hotuba, na mkurugenzi alizungumza kuliko ilivyohitajika. Wakati anaendelea, mama mmoja aliyeshikwa na uchungu akaingia uani akiwa ameshikiliwa na shemeji yake, na nyuma yao dada yake, jasho linamtoka, amebeba bidoni la maji kichwani. Walikuwa wametoka mbali, habari haikuwafikia. Chantal aliiacha hotuba, akaenda akalishusha bidoni lile kichwani mwa yule dada kwa mikono yake, akamwaga maji yote kwenye majani, akamrudishia likiwa tupu. Akamwambia, "Maji iko. Utarudia nayo hivi nyumbani."

Papa Polycarpe aliyaona hayo. Alikwenda mpaka kwenye gari, akaketi, akalia bila kujificha. Mtoto alizaliwa kabla hatujaondoka, msichana, na aliogeshwa kwa maji ya bomba. Njiani kurudi Papa Polycarpe aliniambia kwamba sasa yuko tayari kupumzika, na kwamba nimwambie mkurugenzi asiagize keki kubwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Maji Milimani, wa ofisini na wa vilimani, tunakushukuru, Papa Polycarpe, kwa mabomba yote uliyoyatunza, kwa barabara zote ulizosukuma gari, na kwa kusimama katikati ya ua ule na kuvua kofia wakati ungeweza kunyamaza. Tunamshukuru pia Maman Mapendo, mkeo, aliyekungoja miaka miwili zaidi ya ile tuliyomwahidi. Umenikasirisha kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na kuanzia Julai sijui nitamkasirikia nani. Tunakuombea afya, siku nyingi, na uzee wenye furaha kati ya wajukuu zako.

Bunyakiri hakuna tena mama anayebebewa bidoni. Swali la Maman Chantal limejibiwa, Papa. Nenda nyumbani.

Laurette Bulonza, kwa niaba ya wafanyakazi